Nebula kwenye uwanja mpana: kutoa nyota, kuishughulikia picha, kisha kuzirudisha

Elekeza lenzi ya milimita 135 kwenye ukanda wa Jabari, kundinyota ambalo ramani nyingi za anga huliandika Orion. Kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 itakupa kipande cha anga cha takriban digrii 15 kwa 10. Ndani yake mna Nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi liitwalo pia M42. Mna Kichwa cha Farasi kikiwa kivuli cheusi mbele ya pazia jekundu la IC 434, na Nebula ya Mwali, NGC 2024, ubavuni mwa nyota Alnitak. Upande wa mashariki unapita Upinde wa Barnard, ule utepe mwekundu mpana ambao Edward Emerson Barnard aliunasa kwa picha mwaka 1894. Halafu mna nyota, maelfu kwa maelfu, na kila moja inawahi kuonekana kabla ya huo upinde.

Hapo ndipo shida ilipo. Upinde ni hafifu, na ili utokeze lazima uupandishe mwanga wake mara nyingi. Ukiupandisha, nyota nazo zinapanda. Kiini cha nyota angavu kimeshafika kileleni, hakina pa kwenda, kwa hiyo kinachokua ni kingo zake. Nukta ya pikseli 3 inageuka kitone cha pikseli 8, rangi inafutika, na picha inaonekana kama imemwagiwa mchanga mweupe. Nebula iko pale, lakini jicho haliioni.

Dawa yake ni ile ile ya kupiga deki: unatoa vyombo nje, unasafisha sakafu vizuri, kisha unavirudisha kila kimoja mahali pake. Nyota zinatolewa, nebula inashughulikiwa peke yake, nyota nazo zinashughulikiwa peke yake, kisha vinaunganishwa. Mwisho wa kazi unabaki na matoleo mawili, lenye nyota na lisilo nazo, na yote mawili uweze kuyatetea: hakuna uzi wa gesi ndani yake ambao kamera yako haikuuona. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu.

Kwa upande wa programu, Siril ya kuchakata picha, GraXpert ya kusawazisha usuli na StarNet ya kutoa nyota ni za bure na zinatosha kwa kila kitu kilichomo humu. PixInsight na StarXTerminator ni za kulipia. Hatua ni zile zile, vitufe tu ndivyo vinavyobadilika. Kwa umaliziaji unaweza kutumia GIMP au Photoshop.

1. Fremu zenyewe

Sitakaa sana hapa, lakini kuna mambo ambayo usipoyafanya wakati wa kupiga, hakuna programu itakayokuokoa.

Piga fremu nyingi. Chenga za picha, zile chembechembe zinazotapakaa ovyo, hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya fremu: ukitaka picha iwe safi mara mbili ya ile ya fremu 60, unahitaji 240. Fremu 60 za dakika 2 ni saa mbili za mwanga, na huo ni mwanzo mzuri kwa vitu kama M42, ila kwa Upinde wa Barnard ni kidogo. Piga pia fremu za giza, zile za kupiga lenzi ikiwa imefunikwa, na hasa fremu za mwanga sawa, zile za kupiga eneo jeupe lililoangazwa kote kwa usawa bila kugusa fokasi. Lenzi pana huwa na giza kwenye pembe, na giza hilo lisiporekebishwa kwa fremu za mwanga sawa litakuja kujifanya nebula, au litaificha nebula ya kweli.

Bana lenzi kidogo, yaani punguza tundu lake la mwanga. Lenzi ya f/2 ikiachwa wazi kabisa huzaa nyota zenye mbawa pembezoni, kama ndege wanaoruka. Programu ya kutoa nyota imefundishwa nyota za duara. Ikikutana na ndege hao inatoa kiwiliwili na kuacha mbawa. Ukibana hadi f/2.8 au f/4 unapoteza mwanga kiasi, lakini unaepuka usiku mzima wa kuokota mabaki.

Halafu fanya hesabu hii: gawa ukubwa wa pikseli kwa mikromita na urefu wa fokasi kwa milimita, kisha zidisha kwa 206. Pikseli ya mikromita 4 kwenye lenzi ya milimita 135 inakupa sekunde 6.1 za tao kwa kila pikseli (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Huo ni mchoro usio na undani. Nyota ndogo zitaangukia kwenye pikseli moja au mbili tu, zikawa vimraba, na programu ya kutoa nyota inaweza kuzidhani chenga na kuziacha. Kama kati ya fremu na fremu ulikuwa unasogeza kamera kidogo makusudi, rundika, yaani unganisha fremu zote ziwe picha moja, kwa njia ya drizo yenye ukubwa mara 2, ambayo hugawanya pikseli na kuzipa nyota umbo. Kama hukusogeza, tumia chaguo la StarNet la kuikuza picha mara mbili kabla ya kutoa nyota. Linachukua muda mrefu zaidi, lakini kwa lenzi fupi tofauti yake inaonekana wazi.

Baada ya kurundika, hifadhi faili kwa biti 32. Usiguse JPEG mpaka siku ya kuchapisha: JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila chaneli ya rangi (nyekundu, kijani na buluu), na nebula hafifu yote inaweza kuwa imekaa kwenye ngazi tatu za chini.

2. Kusawazisha usuli

Picha iliyorundikwa ina mteremko wa mwanga, upande mmoja umekolea kuliko mwingine. Ni mwanga wa miji, ni mwezi, ni ukungu karibu na upeo. Kwenye uwanja mdogo wenye galaksi moja katikati, kuuondoa ni kazi rahisi. Kwenye uwanja mpana wa nebula ni mtego, kwa sababu mara nyingi hakuna hata pembe moja iliyo tupu. Mteremko unaouona unaweza kuwa taa za mji, na unaweza kuwa vumbi la kweli la Njia Nyeupe.

Ushauri wangu ni kutumia nguvu ndogo kabisa inayotosha. Katika Siril chagua uso wa digrii ya 1, yaani bapa lililoinama tu, na uweke sampuli kwa mkono. Ziweke chache, kwenye sehemu ambazo ramani au picha za darubini kubwa zinaonyesha kuwa hakuna nebula. Digrii ya 4 itaifuata kila bonde na kilima na kukulia upinde mzima bila wewe kujua. Ukitumia GraXpert kwa njia yake ya akili bandia, ongeza ulaini na uiambie ikuonyeshe usuli ilioutoa. Usuli huo uangalie kwa makini kuliko picha yenyewe. Ukiona ndani yake umbo la nebula, hata kivuli chake tu, rudi nyuma. Usuli wa kweli hauna umbo. Unateremka tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

3. Rangi, nyota zikiwa bado zipo

Watu wengi hutoa nyota mapema mno, kisha wanahangaika kutafuta rangi kwa macho. Nyota ndizo kipimo cha rangi ulichopewa na anga. Siril inaweza kutambua picha yako imeelekezwa wapi kwa kulinganisha mpangilio wa nyota, kisha kuchukua rangi zilizopimwa za nyota hizo hizo na kurekebisha chaneli zako zilingane nazo. Vipimo bora tulivyo navyo ni vya chombo cha Ulaya, Gaia, kilichorushwa mwaka 2013. Ukishazitoa nyota, njia hii imefungwa.

Baada ya hapo Betelgeuse, yenye uso wa takriban nyuzi 3,500 za Kelvin, itakuwa ya rangi ya chungwa, na Rigel, yenye nyuzi kama 12,000, itakuwa ya buluu inayoelekea weupe. Zikionekana hivyo, ujue na gesi iko karibu na ukweli. Kama bado kuna ukijani uliotapakaa, uondoe kwa kitufe cha kufuta kijani, kwa kiasi. Lakini kumbuka gesi ya oksijeni inang'aa kwenye nanomita 500.7, rangi ya kijani cha bahari, kwa hiyo kwenye mabaki ya supanova, yaani nyota iliyolipuka, kama Nebula ya Shela usifute kila kijani unachokiona.

Kupunguza chenga kwa akili bandia kufanye hapa pia, picha ikiwa bado haijanyooshwa (neno hili nalieleza katika hatua ya 4), na usizidishe nusu ya nguvu yake.

4. Kutoa nyota

Kwanza neno moja la kazi. Kunyoosha ni kupandisha sehemu ya chini ya mwanga ili vilivyofichika gizani vitokeze, huku vilivyo angavu vikizuiwa visiungue. Picha inayotoka kwenye rundo haijanyooshwa: ukiifungua ni nyeusi tii yenye nukta chache.

Je, nyota zitolewe kabla au baada ya kunyoosha? Mimi hutoa kabla, na sababu yake iko kwenye maumbile yenyewe. Kwenye picha ambayo haijanyooshwa, mwanga unajumlika kama unavyojumlika angani: pikseli yenye nyota mbele ya nebula ni mwanga wa nyota kuongeza mwanga wa nebula, basi. Kwa hiyo ukitoa picha isiyo na nyota kutoka kwenye picha asili, kwa kutoa kwa kawaida, unabaki na nyota halisi. Unaweza kuzinyoosha kwa mstari wao na nebula kwa mstari wake. Ukisubiri hadi baada ya kunyoosha, nyota zimeshavimba na kupoteza rangi. Unazitoa zikiwa tayari zimeharibika.

Kuna tahadhari moja. StarNet imezoea picha iliyokwisha kunyooshwa. Ndani ya Siril kuna kisanduku cha kuiambia kuwa picha bado ni mbichi. Ukikiweka alama, Siril huinyoosha kwa muda, StarNet hufanya kazi yake, kisha kunyooshwa kule kunarudishwa nyuma. Ukisahau kisanduku hicho unapata picha yenye nyota nyingi zilizobaki na utadhani programu ni mbovu. Weka alama pia kwenye chaguo la kutoa picha ya nyota peke yake, maana hiyo ndiyo nusu ya pili ya kazi yako.

5. Ukaguzi, na kwa nini uanzie Alnitak

Picha isiyo na nyota inapofunguka kwa mara ya kwanza, mtu hushikwa na bumbuwazi. Upinde umesimama wazi, vumbi la hudhurungi linatiririka, Kichwa cha Farasi kinaonekana kama kimechongwa. Usiguse chochote. Huu ndio wakati wa kuiangalia kwa jicho la shaka.

Programu haijaondoa nyota na kukuta nebula nyuma yake. Mahali palipokuwa na nyota angavu kamera haikuona nebula, iliona nyota. Programu imekata tundu, kisha imelijaza kwa kukisia kutokana na majirani. Kwa nyota ndogo tundu ni la pikseli chache na makisio ni salama. Kwa Alnitak ni jambo jingine kabisa.

Kuza picha hadi asilimia 200 hapo hapo. Alnitak ni nyota ya mashariki ya ukanda, ya ukubwa dhahiri, yaani kipimo cha mng'ao wake, kama 1.8, na ina taji pana la mwanga lililosambazwa na vioo vya lenzi. Ubavuni mwake, kwenye taji hilo hilo, umo Mwali wenye mishipa yake ya vumbi. Kusini kidogo kuna Kichwa cha Farasi. Kwenye picha isiyo na nyota utakuta mambo manne. Pale ilipokuwa nyota pana kiraka laini mno, hakina chenga hata kidogo wakati majirani wanazo. Kukizunguka kuna pete iliyofifia, mabaki ya taji. Kama lenzi imebanwa kwa blendi, vile vibapa vinavyopunguza tundu lake, kuna mistari mifupi iliyonyooka ikitoka katikati kama vijiti vya baiskeli, na hayo ni mabaki ya miale. Na upande wa Mwali huenda kipande cha mshipa wa vumbi kimeliwa pamoja na nyota.

Niliwahi kuitazama ile pete na kuiona ni uzi wa gesi. Ilikuwa nyekundu, ilikuwa na mkunjo mzuri, ilionekana kuungana na IC 434. Nikaiongezea kontrasti, nikainoa, nikaikolezea rangi. Baadaye nilipoilinganisha na picha ya kipande hicho hicho iliyopigwa kwa darubini kubwa, uzi haukuwepo. Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao siuruki.

Fungua picha ya nyota peke yake na uinyooshe kwa nguvu kupita kiasi, kwa ukaguzi tu. Ndani yake panatakiwa pawe na nyota na mataji yao, kitu kingine hapana. Ukiona humo nyuzi, vipande vya mawingu, au moyo wa M42 umekaa kama nyota kubwa, basi programu imeiba. Moyo wa M42 huibwa mara kwa mara kwa sababu ni mdogo, mkali, na una kundi la nyota nne liitwalo Trapeza ndani yake. Nebula za sayari, galaksi ndogo na mafundo madogo ya gesi nayo huchukuliwa kimakosa, kwa kuwa kwenye lenzi fupi yanafanana na nyota zisizo na fokasi.

Kilichoibwa hurudishwa kwa maski, yaani kinga inayoamua ni sehemu gani ya picha iguswe. Tengeneza duara lenye kingo laini juu ya eneo hilo, na ndani yake weka picha asili badala ya ile isiyo na nyota. Kwa M42 ninarudisha moyo wote pamoja na Trapeza yake. Nyota nne ndani ya toleo lisilo na nyota si dhambi, kuliko nebula yenye tundu kifuani. Baada ya kurekebisha, tengeneza upya picha ya nyota kwa kutoa: asili kutoa isiyo na nyota. Hatua hii inasahaulika sana. Usipoifanya, ule moyo utajumlishwa mara mbili siku ya kuunganisha.

Pete na miale ya taji, kwa upande mwingine, ifutwe au ifanywe laini kwa brashi, kisha eneo hilo lizungushie maski isiyoruhusu kunoa. Hapa ndipo wengine watanipinga na kusema kwamba kufuta ni kuchora. Ninachojibu ni kwamba taji limezaliwa ndani ya lenzi, halikuwa angani. Kulainisha kiraka cha makisio ni sawa. Kukiongezea umbo si sawa.

Jambo la mwisho la kukaguliwa liko ndani ya Njia Nyeupe, kwa mfano upande wa Nge na Mshale. Huko mna nyota ndogo zisizohesabika ambazo lenzi yako haiwezi kuzitenganisha. Nyota kubwa zikitoka, hizo ndogo zinabaki kama unga wenye mabaka. Ukiutia kontrasti utakuwa na umbo zuri la ngozi ya chui ambalo si gesi wala vumbi. Njia rahisi ya kuutambua ni chaneli: gesi ya haidrojeni inang'aa kwenye nanomita 656.3, hivyo imo kwenye nyekundu karibu peke yake, wakati unga wa nyota umo kwenye chaneli zote tatu kwa umbo lile lile.

6. Kuinyoosha nebula

Sasa una uhuru. Hakuna nyota ya kuvimba, kwa hiyo nyoosha kwa hatua ndogo nyingi badala ya moja kubwa. Mnyoosho wa hipaboli ulio ndani ya Siril unafaa sana kwa kazi hii, kwani unachagua ni kiwango gani cha mwanga kipandishwe zaidi. Bofya kwenye sehemu hafifu ya upinde ili programu isome kiwango chake, nyoosha kidogo, kisha bofya tena na nyoosha tena. Mara tatu au nne zinatosha.

Usuli uache kati ya 20 na 30 kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Anga si jeusi tii, na vumbi hafifu linaishi humo humo chini. Ukisukuma weusi hadi histogramu, ile grafu ya viwango vya mwanga, iguse ukuta wa kushoto, umelikata vumbi hilo na halirudi.

Kisha maski ya mwanga: nakili picha, ifanye nyeusi na nyeupe, ilainishe, na uitumie kuamua nini kiguswe. Penye mwanga ongeza kontrasti ya karibu na unoe kidogo; penye giza punguza chenga. Ukolevu wa rangi nao upitie maski hiyo hiyo, kwa sababu chenga za gizani zikikolezwa rangi zinakuwa madoa ya zambarau na kijani. Katika rangi, lenga vitu vitatu vitofautiane: wekundu wa haidrojeni, buluu ya vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, na hudhurungi ya vumbi linaloziba. Vikiwa vyote vyekundu, umezidisha.

7. Nyota peke yake

Nyota zinataka kitu kimoja tu: rangi. Zinyooshe kwa mnyoosho wa asinh, ambao hupandisha mwanga huku ukitunza uwiano wa chaneli, ili ya chungwa ibaki ya chungwa. Simama mapema kuliko unavyotaka. Nyota zikiwa peke yake juu ya weusi huonekana chache na hafifu, na mkono unawashwa kuzipandisha. Zikirudi juu ya nebula zitaonekana zaidi.

Koleza rangi kidogo. Kama lenzi imezipa nyota kingo za zambarau, geuza picha ya nyota iwe hasi, futa kijani, kisha igeuze tena. Zambarau ya hasi ni kijani, kwa hiyo inaondoka bila kugusa rangi nyingine sana.

Ukitaka kupunguza nyota, shusha toni za kati badala ya kutumia kichujio cha kumomonyoa kingo, ambacho huacha pete nyeusi. Na usizipunguze zote kwa kiwango kimoja. Nyota tatu za ukanda, Alnitak, Alnilam na Mintaka, ndizo zinazomwambia mtazamaji yuko wapi angani. Nimeona picha nyingi za Jabari ambamo ukanda umedidimizwa hadi ukapotea kati ya nyota za kawaida. Zinazopaswa kushuka ni zile ndogo zilizotapakaa. Kubwa ziache zitawale.

8. Kuunganisha

Sasa picha zote mbili zimenyooshwa, na kujumlisha kwa kawaida hakufai tena. Chukua pikseli ya nyota yenye 0.55 juu ya nebula ambayo nayo umeipandisha hadi 0.55. Jumla ni 1.10, imepita kileleni, imeungua. Badala yake tumia mchanganyiko uitwao Skrini, uliomo katika GIMP na Photoshop, na ambao hesabu yake ni hii:

matokeo = 1 − (1 − nebula) × (1 − nyota)

Kwa pikseli ile ile unapata 1 − 0.45 × 0.45, yaani karibu 0.80. Nyota inang'aa na bado ina rangi. Siril ina zana maalumu ya kuunganisha upya, ambamo unaziona nyota na nebula pamoja na kusogeza mnyoosho wa kila moja papo hapo. Anza nyota zikiwa sifuri, zipandishe polepole, na usimame pale jicho linapoanza kwenda kwenye nyota kabla ya nebula. Rudi nyuma kidogo kutoka hapo.

Kama ulitoa nyota baada ya kunyoosha, ni lazima uzitoe kwa hesabu inayolingana na Skrini, si kwa kutoa kwa kawaida:

nyota = 1 − (1 − asili) ÷ (1 − isiyo na nyota)

Mfano: asili ni 0.70, isiyo na nyota ni 0.40. Nyota ni 1 − 0.30 ÷ 0.60, yaani 0.50. Ukiirudisha kwa Skrini juu ya 0.40 unapata 0.70 kamili, ulipoanzia. Ungetoa kwa kawaida ungepata 0.30, na Skrini ingekurudishia 0.58 tu, kila nyota iliyo mbele ya nebula angavu ingekuwa imefifia, na M42 ingeonekana haina nyota wakati pembezoni zimejaa.

Jaribu kwanza kuunganisha picha ambazo hujazifanyia chochote zaidi ya kuzitenganisha. Matokeo yakilingana na asili, hesabu yako iko sawa na unaweza kuendelea.

9. Toleo lisilo na nyota

Toleo hili linaonyesha kitu ambacho jicho halikuwahi kukipata: muundo wa gesi peke yake, jinsi upinde unavyozunguka ukanda, jinsi vumbi linavyotoka NGC 2024 kwenda kaskazini. Lakini nyota zilikuwa zinaficha makosa, na sasa hazipo. Kila kiraka laini kiko wazi. Kwa hiyo toleo hili linahitaji kunolewa kidogo kuliko lenye nyota, hata kama linakushawishi kinyume chake. Ukiona viraka bado, rudisha chembe ndogo ya chenga sawasawa kote, ili kiraka na jirani yake vifanane ngozi.

Unapolichapisha, andika chini yake kwamba nyota zimeondolewa kwa programu, na taja jumla ya muda wa fremu. Anayelitazama bila kuambiwa anaweza kudhani anga lina sura hiyo.

Kabla ya kufunga kompyuta, hifadhi faili nne kwa biti 32: rundo lililosawazishwa rangi, isiyo na nyota kabla ya kunyooshwa, nyota kabla ya kunyooshwa, na maski ya maeneo uliyoyarudisha kwa mkono. Hiyo maski ndiyo iliyokugharimu muda mrefu kuliko kitu chochote, na programu ya kutoa nyota ikipata toleo jipya utairudia hatua ya nne kwa dakika chache, kisha utaiweka juu yake na kuanzia Alnitak tena.